Funda la Maji Kabla ya Jina

Gajjan Singh mshenga hakuwa mtu wa kukataa mtindi. Kwa hiyo alipokisogeza kando kile kikombe kikubwa cha shaba bila hata kukionja, Bakhtaur Singh alijua kwamba harusi ya mjukuu wake imeingia mdudu.

"Haya, lete," alisema.

"Nilete nini, mzee wangu? Miaka thelathini naunganisha watoto wa watu. Leo natamani ningekuwa naunganisha mabomba."

"Gajjan, nina miaka sabini na mmoja. Ukizunguka sana utafika unikose."

Gajjan akavua kiatu kimoja, akakitazama, akakivaa tena. Kisha akaeleza. Kinyozi wa kwa kina Jasmel, yule binti aliyeposwa, alikuwa akisambaza mialiko kwa jamaa wa pande zote kama ilivyo kazi ya vinyozi. Akaambiwa asikisahau kijiji fulani ng'ambo ya mfereji, alikozaliwa mama yake baba wa Jasmel. Kinyozi akashangaa, maana bibi aliyemjua yeye alitoka kwingine kabisa. Ndipo ikafahamika kwamba bibi yule aliyetajwa siku ya posa alikuwa mama wa kambo. Mama mzazi alifariki mtoto akiwa bado ananyonya, na miaka hamsini ilitosha kumsahaulisha.

"Na huyo mama mzazi," Gajjan alisema, sauti ikishuka, "alikuwa Dhaural."

Bishno, mke wa Bakhtaur, alikuwa ameketi kwenye kitanda cha kamba akichambua majani ya haradali. Vidole vyake vikasimama.

"Dhaural kama sisi?"

"Kwani kuna wengine, mama?"

Hakuna aliyehitaji kuambiwa zaidi. Kwa Wajati, wakulima wenye mashamba wa upande ule, kabla ya posa hupimwa koo nne za kila mmoja: ukoo wako mwenyewe, wa mama yako, na wa bibi zako wawili. Ukoo wako ukionekana kwa mwenzako, hata kwa bibi aliyekufa kabla hujazaliwa, basi nyinyi ni kaka na dada, na maneno yameishia hapo. Nachhattar, mjukuu, alikuwa Dhaural kwa sababu babu yake alikuwa Dhaural. Na harusi ilikuwa imebakiza siku kumi na saba.

"Wenyewe wanasemaje?" Bishno aliuliza.

"Baba hasemi. Mama analia. Mnajua mchumba wa kwanza wa yule binti aliumwa na nyoka shambani akafa. Na hii nayo ikivunjika, nani atamposa tena? Watasema ana nuksi. Wengine wameshaanza."

Alipoondoka, kile kikombe kilibaki pale pale mpaka nzi wakakimiliki.

Nachhattar alikuwa amesikia yote, amesimama kando ya trekta na spana mkononi. Baba yake alikufa vitani mpakani akiwa yeye bado mdogo, na babu ndiye aliyemlea. Akawasha trekta, akaenda kulima shamba ambalo alikuwa ameshalilima mara mbili wiki ile.

Asubuhi Bakhtaur akamfuata huko.

"Udongo huu umekukosea nini?"

"Mimi sina la kusema, Babu. Mila ni mila." Kijana akazima mashine. "Ila mtu akiniuliza kama yule ni dada yangu, nitamwambia sijapata kuwa na dada aliyenitukana vile. Nilimrushia tope baiskeli yake siku ya mvua, akiwa njiani kwenda chuo cha walimu. Alinipa somo zima la ustaarabu. Nikasahau hata gia iko wapi."

"Ulimjibu nini?"

"Nilimwambia ndiyo, mwalimu."

Bakhtaur alicheka. Akaanza kurudi nyumbani akipitia tuta la mababu. Lilikuwa kirundo cha udongo pembeni mwa kijiji, lisilozidi urefu wa mbuzi, ambapo kila Dhaural hupeleka maziwa ya kwanza nyati wake wa kufugwa akizaa, na kila bwana harusi wa Dhaural huchota udongo kwa jembe dogo mara saba kabla ya kwenda kuoa. Kwa miaka ishirini yeye na Mehnga Singh ndio walioongoza shughuli hiyo, wakiwa wakubwa wa ukoo. Alisimama pale kitambo. Kisha hakwenda nyumbani. Alishika njia ya kwa Nagahi.

Nagahi alikuwa Mmirasi. Watu wake, Waislamu, walitunza nasaba za Wajati wa kijiji kile kwa vizazi na vizazi, si kwa karatasi bali kichwani, na kuzighani kwenye harusi. Kwa kazi hiyo walipewa nafaka kila mavuno, na ruhusa ambayo mwingine hakuwa nayo, ya kumtania mwenye shamba mbele ya wageni wake. Bakhtaur alimkuta mlangoni akikaza kamba za ngoma.

"Looo! Mjati kuja kwa Mmirasi kwa miguu yake mwenyewe! Basi ama umepoteza ng'ombe, Sardarji, ama umepoteza akili. Na ng'ombe zako nimewaona asubuhi."

"Nagahi, kila harusi, ukikaribia jina langu, hunywa funda la maji."

"Koo hukauka. Majina kumi na manne yanapita humu."

"Baba yako naye alikunywa. Pale pale."

Mikono ya Nagahi ikaiacha ngoma. Utani ukamtoka usoni, na Bakhtaur akaona kwa mara ya kwanza kwamba hata huyu naye amezeeka.

"Na babu yangu pia," Nagahi alisema. "Ingia ndani, Sardarji."

Ndani, Bakhtaur alisema jambo ambalo hakuwahi kulisema kwa mdomo wake. Sunder Singh, aliyejulikana kuwa baba yake, alihamia makoloni ya mifereji, mashamba mapya ya kumwagiliwa mbali magharibi, akakaa huko miaka saba. Ukaja mwaka wa tauni. Aliporudi kijijini alikuwa na mke wake na mtoto wa kiume wa miaka minne, na kila mtu akamshukuru Mungu kwamba mzee yule asiye na mwana hatimaye amejaliwa. Lakini Sunder Singh alipokuwa anakata roho alimvuta Bakhtaur karibu na kumwambia: wewe ni wa binti yangu, Atri. Mumewe alikufa kwa tauni, akanijia na wewe mgongoni, kisha naye akafa. Usimwambie mtu.

"Namkumbuka kidogo tu," Bakhtaur alisema. "Mkono wenye bangili ya chuma, unanimenyea muwa."

Nagahi akatikisa kichwa polepole. "Sunder Singh alimwambia babu yangu wiki ile ile aliyorudi. Alijua mtunza majina akidanganywa mahali pamoja, majina yote huoza. Babu aliapa kwamba hatasema. Lakini alikuwa pia na kiapo cha kazi, kwamba hataghani uongo. Sasa afanyeje? Akawa anafika pale, anakunywa maji, kisha analitamka jina lako kama linaloanza upya. Hakusema wewe ni mwana wa Sunder. Watu waliunganisha wenyewe."

Nje, mbuzi alikuwa akijikuna kwenye mlango.

"Kwa hiyo mimi si Dhaural," Bakhtaur alisema. "Mume wa Atri alikuwa Burjan, na mimi ni Burjan, na Nachhattar ni Burjan. Dhaural ni ukoo wa mama yangu tu, na mama yangu yuko mbali sana na Nachhattar, hahesabiwi katika zile nne."

"Umepima vizuri. Harusi inapita."

"Ndiyo."

"Ila wewe ndiye usiyepita, Sardarji. Unalijua hilo?"

Bakhtaur alilijua. Ndilo lililomkalisha pale. Tuta lile, nafasi yake ya mbele siku ya maziwa, majina kumi na manne ambayo aliyasikia tangu akiwa mvulana, akiyaona kama ngazi iliyomfikia yeye. Na Mehnga.

"Ungekuwa mimi ungefanyaje?"

"Mimi ni Mmirasi. Kazi yangu ni kusema watu walifanya nini. Watakachofanya hakinihusu." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini: "Lakini nimechoka na yale maji, Sardarji. Si siri. Nimechoka."

Bakhtaur alimwambia Bishno kwanza. Bishno alisikiliza mpaka mwisho, akafunika sufuria, akasema, "Miaka hamsini na mbili nimeolewa na Mburjan. Ndiyo maana hukujua kupiga kelele kama Dhaural wengine." Kisha akajifuta macho kwa ncha ya shela na kumwambia aende kwa Mehnga kabla watu hawajamtangulia.

Mehnga Singh alikuwa mtoto wa kaka yake Sunder, mdogo kwa Bakhtaur kwa miaka miwili. Nyua zao zilitenganishwa na ukuta mmoja wa udongo, na katika ukuta ule mlikuwa na tundu ambamo wake zao walipitishiana bakuli za dengu na makaa ya moto tangu walipokuwa mabibi harusi. Bakhtaur alimkuta akizungusha gurudumu la mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. Akamwambia yote akiwa amesimama.

Gurudumu lilisimama. "Nani mwingine anajua?"

"Nagahi na Bishno."

"Mmirasi alijua. Mimi sikujua." Mehnga aliitazama mikono yake yenye majani. "Nilibeba maiti ya baba yako kwa bega hili."

"Alikuwa babu yangu. Na kwako alikuwa baba mdogo, hilo halijabadilika. Niliyebadilika ni mimi."

"Kila mwaka umesimama nami pale kwenye tuta. Ukamwaga maziwa kwa mababu wa watu wengine."

"Ndio niliowajua, Mehnga."

"Miaka sitini na kitu nimekuita ndugu!"

"Nami nimeitika."

Mehnga akashika tena mpini wa gurudumu. "Nenda. Majani yanakauka."

Jioni ile, Bishno alipokwenda na bakuli kwenye lile tundu, alikuta limezibwa kwa tofali kutoka upande wa pili. Alirudi na bakuli lake.

Habari ilienea kwa siku mbili. Gajjan aliipeleka kwa kina Jasmel mbio mbio, akarudi na jibu: wao hawana kinyongo, na wanashukuru kuliko wanavyoweza kusema, lakini wazee wao wanataka ushahidi kutoka kwa Waburjan wenyewe, na udongo wa bwana harusi uchotwe kwenye tuta lake la kweli. Lilikuwa ombi la haki. Kwa hiyo asubuhi moja Nachhattar aliwasha trekta, babu yake akaketi juu ya madigadi ya tairi moja na Nagahi juu ya jingine, wakaenda maili kumi na mbili hadi kijiji cha Waburjan.

Walipokewa na mzee mmoja mwenye kilemba cha buluu na wanaume wengine sita, ambao waliendelea kuongezeka. Mmirasi wa kule akaitwa. Alikuwa mtu mwembamba mwenye kikohozi. Nagahi alimnong'oneza, naye akafumba macho na kuanza kuteremka na majina, moja baada ya jingine, mpaka akafika kwa Kehar Singh.

"Na mwana wa Kehar Singh ni Bakhtaur, aliyechukuliwa na tauni utotoni pamoja na mama yake. Hapa tawi limekatika."

Watu wote wakamgeukia mgeni.

"Nimechelewa kidogo," Bakhtaur alisema.

Wengine walicheka. Mwenye kilemba cha buluu hakucheka. "Mgeni wetu," alisema kwa adabu nyingi, "shamba la marehemu Kehar, unajua nani analilima?"

"Sijui."

"Ungependa kujua?"

"Hapana."

"Mjati asiyetaka kujua habari za shamba!" Mzee akawageukia wenzake. "Jamani, ama huyu ni mtakatifu, ama ameshakwenda kwa mwanasheria."

"Babu yangu anataka udongo," Nachhattar alisema, masikio yamemwiva. "Makonzi saba tu. Mimi naoa."

"Saba?"

"Saba, mzee."

Walipelekwa kwenye tuta. Lilikuwa katikati ya shamba la haradali lililochanua, dogo kuliko la Dhaural, na panya walikuwa wamelitoboa. Nachhattar alichota mara saba kwa jembe dogo, na mara zote saba yule mwenye kilemba cha buluu alisimama kando ya alama ya mpaka, macho chini, kuhakikisha kwamba jembe halisogei upande wake.

Bakhtaur alimwaga maziwa aliyokuja nayo. Alingoja moyo wake useme kitu. Haukusema. Walikuwa wafu wema bila shaka, lakini walikuwa wageni kwake, nao labda walimshangaa vilevile. Njiani kurudi alimwambia Nagahi hivyo.

"Nilidhani nitalia."

"Utalia kwa wakati wako," Nagahi alijibu, akishikilia kilemba kisipeperuke. "Mimi mwenyewe nimepewa majina tisa mapya na yule mkohozi, na kila moja linanikwaruza kama kiatu kipya."

Siku moja kabla ya msafara wa harusi kuondoka, ua ulijaa. Bishno alikuwa amekaanga vitumbua vya sukari guru tangu alfajiri. Ndugu wa mama yake Nachhattar walikuwa wameshafika, na jamaa za Bishno pia. Nafasi za mbele, walipokaa Dhaural kila harusi, zilikuwa vitanda vitatu vitupu. Watu walivizunguka bila kuvikalia, kama mtu anavyozunguka kisima. Tofali lilikuwa bado kwenye tundu.

Nachhattar alifungwa kilemba cha waridi. Nagahi akasimama na ngoma yake, na Bakhtaur, kwa mazoea ya maisha yote, akaweka bakuli la maji karibu na mguu wake.

Nagahi alighani. Alianza mbali, na majina yale tisa mapya yakatoka bila kukwaruza, maana alikuwa ameyafanyia mazoezi kwa siku tano mpaka mkewe akatishia kurudi kwao. Alimfikia Kehar Singh. Ngoma ikanyamaza. Wazee waliomjua wakatazama bakuli.

Nagahi hakuinama.

"Na mwana wa Kehar Singh Burjan," alisema, "ni Bakhtaur Singh, aliyezaliwa na Atri, binti wa Sunder Singh Dhaural, aliyemleta mwanawe akiwa hai kutoka kwenye nyumba ya tauni."

Mnong'ono ukapita uani. Jina la mwanamke halighaniwi katika nasaba. Hakuna aliyewahi kulisikia likighaniwa. Bakhtaur alikuwa amekaa wima, mikono magotini, na machozi yaliyokataa kutoka kule kwenye haradali yakaingia kwenye ndevu zake bila kumwomba ruhusa.

Nagahi alikuwa anaendelea na jina la mwana wa Bakhtaur aliyekufa vitani aliposikia ngoma nyingine. Ilikuwa nje, ikitokea upande wa barabara kuu, na juu yake sauti za wanawake wakiimba kwa nguvu. Kila mtu uani alizijua nyimbo zile. Ni nyimbo za matusi ambazo wajomba na watu wao huja wakiimba wanapoingia kwenye harusi ya mtoto wa binti yao. Lakini wajomba wa bwana harusi walikuwa wameshafika tangu asubuhi, wameshakula.

"Wajomba wa nani tena hawa?" mtu aliuliza.

Bishno akafika mlangoni wa kwanza, akaweka mkono mdomoni.

Walikuwa Dhaural, ukoo mzima, wanawake mbele na furushi la nguo kichwani, watoto nyuma, na katikati Mehnga Singh amevaa kilemba kipya, jasho linamtiririka. Angeweza kupita kwenye geti lake na kuingia kwa hatua thelathini. Badala yake walikuwa wametoka nje ya kijiji, wamekizunguka chote juani mpaka barabara kuu, na wameingia kama wageni wanaotoka mbali.

Mke wa Mehnga alimwona Bakhtaur akapandisha sauti:

"Mpwa wetu huyu ana mvi hadi nyusi,
aliyemlea alimpa maziwa ya fisi!
Tumeleta nguo za mtoto kwa shangwe,
tumemkuta mzee, meno yamebaki mangapi jamani tuhesabiwe!"

Ua mzima ukaangua kicheko. Mehnga alisimama kizingitini, hakuingia.

"Nimekaa nyuma ya tofali lile siku zote hizi nikihesabu," alimwambia Bakhtaur, akitazama pembeni. "Mimi si msomi, nahesabu taratibu. Atri alikuwa binti wa baba yangu mdogo. Kwa hiyo Atri alikuwa dada yangu. Ni kweli au si kweli, Nagahi?"

"Ni kweli, Sardarji."

"Basi mtoto wa dada yangu ni nani kwangu?"

Bakhtaur akainuka pale alipokuwa amekaa.

"Mimi ni mjomba wako, wewe mzee mpumbavu," Mehnga alisema. "Miaka sitini unaniita Mehnga, Mehnga, kama mchunga mbuzi. Niamkie."

Bishno alikuwa ameshakimbia jikoni. Alirudi na chupa ya mafuta ya haradali, akayamimina upande wa kulia wa kizingiti na upande wa kushoto, kama wajomba wanavyopokewa, kwa haraka hata mengine yakamwagikia kiatu cha Mehnga. Bakhtaur akasogea mbele. Akainama kuigusa miguu ya mtu aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka miwili, na magoti yake yakalia kwa sauti iliyosikika mpaka jikoni.

Mehnga alimdaka mabega kabla hajafika chini. "Acha, acha. Nani atakuinua?"

Wakabaki hivyo, wameshikana mabega, kila mmoja akidhani anamshikilia mwenzake asianguke.

"Umezunguka kijiji kizima na jua hili," Bakhtaur alisema hatimaye.

"Wajomba hawapitii tunduni."

Bakhtaur akageuka. Lile bakuli lilikuwa bado pale chini, karibu na mguu wa Nagahi, limejaa. Akaliokota, akampa mjomba wake. Mehnga Singh akaegemea mwimo wa mlango na kuyanywa maji yote mpaka tone la mwisho, huku wanawake wakianza beti nyingine mbaya zaidi.